Mbuzi wa Namba Sita

Watu wa Sikonge wakikuona umekaa na mimi watakunong'oneza: huyo ndiye Modest aliyetufungisha Tabora. Wasikudanganye. Au tuseme, wasikudanganye sana. Kufungwa tulifungwa, na kocha nilikuwa mimi, hilo silikatai. Lakini wakiishia hapo wamekupa nusu tu ya habari, na wamekupa ile nusu rahisi. Mimi nitakueleza yote, ukitaka kunicheka utanicheka mwishoni.

Mimi ni fundi baiskeli. Banda langu liko kwenye njia ya sokoni, na sijui kama kuna baiskeli ya tumbaku au ya madumu ya asali katika mji huu ambayo sijawahi kuipindua matairi juu. Hiyo ni kazi ya mchana. Jioni ni kocha wa Mninga FC, na ukocha huo nimeufanya miaka kumi na tisa bila kununuliwa hata soda. Miaka yote hiyo nilitaka kitu kimoja tu: Mninga iwe bingwa wa mkoa. Kitu kimoja! Sikuomba gari, sikuomba udiwani. Bingwa wa mkoa anatoka hapa anakwenda kukutana na mabingwa wa mikoa mingine, jina la Sikonge linasomwa redioni, na mtu kama mimi anakufa ameridhika. Mara mbili tuliukaribia huo ubingwa, na mara mbili tulirudi nyumbani kila mtu anaangalia viatu vyake.

Sasa kabla sijaendelea, lazima uuelewe mfumo wetu, maana usipouelewa utadhani nakupigia porojo. Vijana wangu niliwafundishia chini, juu ya gunia, kwa gololi za baiskeli. Gololi kumi na moja zetu, kumi na moja za adui nilizozipaka grisi. Vijana wengi ukiwaambia nne-tatu-tatu wanadhani umewaonyesha mahali pa kusimama. Basi wanasimama hapo kama nguzo za umeme. Ebo! Hizo namba ni za pale refa anapopuliza filimbi ya kwanza, basi. Baada ya hapo mfumo ni mwendo. Mmoja akitoka kwake, nani anaziba alipotoka? Ukiweza kulijibu swali hilo kwa watu wote kumi na mmoja, umeelewa kushambulia. Ukishindwa, rudi ukapalilie tumbaku.

Sisi tulicheza hivi. Nyuma mabeki wanne, katikati viungo watatu, mbele washambuliaji watatu. Tukiupata mpira, beki wa kulia na beki wa kushoto wanapanda kwa kasi mpaka karibu na vibendera vya kona vya wenzetu. Mawinga wanaingia ndani kumsogelea straika. Viungo wawili wanafuata. Ghafla una watu saba mbele, adui hajui amkabe yupi amwache yupi. Raha tupu! Watazamaji wanasimama, wanawake wanapiga vigelegele. Lakini geuza shingo uangalie nyuma. Umebakiza mabeki wawili wa kati, na kulia kwao na kushoto kwao kuna uwanja mtupu wa kutosha kulimia karanga. Hapo ndipo namba sita anapofanya kazi ambayo haipigiwi makofi na mtu. Yeye hapandi. Anashuka, anaingia kati ya wale wawili, wao wanatanuka kidogo, nyuma mnakuwa watatu. Namba sita wangu hafungi wala hatoi krosi. Anaangalia migongo ya wenzake.

Na kuna jambo lingine ambalo makocha hawapendi kulisema. Kocha haoni. Umekaa kwenye benchi, macho yako yako usawa wa viuno vya watu, unaona miguu na vumbi. Umbo la timu hulioni. Anayeliona ni namba sita, kwa kuwa wote wako mbele ya uso wake. Bibi yangu alikuwa akitusimulia wapagazi wa zamani waliopita huku kwetu na mizigo yao kuelekea pwani. Mbele alitangulia kirangozi, amejipamba, kila mtu anamsifu. Lakini nyuma kabisa alikuwepo mtu wa kuangalia nani anachechemea, mzigo wa nani umelegea, na huyo ndiye aliyepiga kelele msafara usimame. Namba sita ni yule wa nyuma. Akinyamaza, mmekwisha.

Wangu aliitwa Festo. Kijana wa Ziba, amekulia kwenye ng'ombe, akaja Sikonge kulima tumbaku na mjomba wake. Mrefu, mguu wa kawaida tu, mbio za kawaida. Ila macho! Na ile sauti! Mtu aliyezoea kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mbuga hahitaji kipaza sauti. Mechi yake ya kwanza, dakika ya ishirini, nasikia kutoka katikati ya uwanja: "Kocha! Umelala? Winga wako kachoka, mtoe!" Nikamwangalia winga, kweli, kijana anahema kama pampu mbovu. Nikamtoa. Wiki iliyofuata: "Kocha, hapo umechemsha! Beki wa kushoto amepanda na hakuna aliyeshuka!" Nikarekebisha. Watu wakaanza kunitania kwamba Mninga ina makocha wawili, mmoja amekaa na mmoja anacheza. Nilicheka nao. Ningekasirika nini wakati tulicheza mechi kumi na moja bila kufungwa?

Sasa huyo Festo akamwona Levina, binti yangu wa pili, na Levina akamwona Festo. Washenga wakaja, mambo yakaenda, ndoa ikafungwa parokiani, tukacheza ngoma mpaka vumbi likaingia kwenye wali. Nilifurahi, sikufichi. Nilijiambia nimepata mtoto wa kiume ambaye tayari ninamjua kichwa chake kinavyofanya kazi.

Lakini kwetu sisi Wanyamwezi mkwe si mtu wa kuzoeana, na kwao Wasukuma ni hivyo hivyo. Mkwe hakukodolei macho. Hali nawe sahani moja. Mkikutana njiani anakupisha, anasimama pembeni mpaka upite. Akiwa na neno zito analipitisha kwa mtu mwingine, na huyo mtu ndiye anayekuletea. Huko Dar najua wanapigana mabega na wakwe zao kwenye viti vya baa. Huku kwetu bado.

Wiki mbili baada ya harusi tuko mazoezini. Dada yangu mkubwa, Gaudensia, anapita na akina mama wenzake wa jumuiya, wametoka kwa mgonjwa. Watazamaji wapo wengi, maana tulikuwa tunawania ubingwa. Na Festo, kama kawaida yake, mikono kiunoni, ananipigia kelele: "Kocha, acha uzembe bwana! Wao wanalala na wewe unalala!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mtu mmoja akasema kwa nguvu, "Mzee Modest leo kapewa za uso na mkwewe!" Gaudensia akasimama. Akatua kapu lake chini. Alinitazama tu, na akina mama wenzake wakaangalia pembeni kama watu waliomfuma mtu bafuni. Damu ikanipanda. Maneno yaleyale niliyoyacheka miezi mitatu, siku hiyo yaliniingia kama msumari. Ningeweza kucheka tena. Mara ngapi nimejiuliza ningepungukiwa nini kama ningecheka tena!

Sikucheka. Kesho yake nikaita kikao, akaja mjomba wake, akaja Gaudensia, akaja Zablon, beki wetu wa kulia na nahodha, kwa kuwa alikuwa mmoja wa washenga. Nikasema nimevunjiwa heshima mbele ya kadamnasi. Festo akiwa amekaa chini, macho kwenye mkeka, akasema taratibu, "Baba, nyumbani mimi ni mkweo. Nilidhani uwanjani mimi ni namba sita."

Nikamjibu, na maneno haya nayakumbuka moja moja: "Hata uwanjani mimi ni mkweo. Hata kwenye mvua mimi ni mkweo."

Nikamtoza mbuzi. Akamleta, beberu mweusi mwenye mabaka, akamfunga kamba mlangoni kwangu na kupiga magoti. Jumamosi tukamchinja palepale uwanjani, timu nzima ikala, mimi nikapewa ini. Lilikuwa tamu. Na kuanzia siku hiyo Festo hakupaza sauti tena.

Mwanzoni nilifurahia, kwa nini nikudanganye? Kwa mara ya kwanza uwanja ulikuwa wangu peke yangu. Nikisema neno, linajibiwa "Ndiyo, baba." Hata "kocha" aliacha kuniita. Tukacheza mechi mbili tukashinda zote, ya pili kwa goli ambalo kipa wao alijifunga mwenyewe, na mimi nikatembea sokoni kifua mbele. Zablon alijaribu kunigusia. Alikuja bandani na baiskeli ambayo haikuwa na tatizo lolote, akasema, "Kocha, siku hizi nyuma pamepoa sana." Nikamwambia kupoa ndiyo nidhamu. Akachukua baiskeli yake akaenda zake.

Ikafika mechi ya mwisho, Tabora mjini, siku ya Jumapili, na Mshikamano ya Usinge. Wao walikuwa mbele yetu kwa pointi moja. Kwa hiyo droo ni yao, ubingwa ni wao. Sisi lazima tushinde. Jumatano nikatandika gunia, nikamwaga gololi, nikawaeleza mpango wangu. Tutaanza kama kawaida. Lakini ikifika dakika ya sabini hatujaongoza, nitanyoosha mkono juu, na namba sita naye atapanda. Watu wanane mbele. Tutawazidi kwa wingi tu, goli litaingia kwa nguvu ya watu.

Nikauliza, "Kuna mwenye swali?"

Zablon akamwangalia Festo. Festo alikuwa anaangalia gololi mbili za mabeki wa kati, zimebaki zenyewe kwenye gunia.

"Mwenye swali aulize sasa, nisije kusikia maneno huko mbele."

"Hakuna, baba," akasema Festo.

Jumapili ikafika. Uwanja ulijaa, watu wa Sikonge walikuja na malori na baiskeli, Wanyamwezi wa mjini na Waswahili wa mjini wote wako upande wetu, kwa sababu tu hatukutoka mbali sana kama Usinge. Dakika ya thelathini Zablon alipanda kulia, akapiga krosi ile niliyomfundisha, straika akaunganisha kwa kichwa. Moja bila! Mama yangu weee! Nilimkumbatia muuza karanga. Dakika ya hamsini na tano wakarudisha, mpira wa adhabu, hakuna wa kulaumiwa. Moja moja. Na moja moja ni ubingwa wao.

Walikuwa na winga mmoja wa kushoto, mwembamba, miguu kama fito, hafanyi lolote. Wenzake wanakaba, yeye amesimama kwenye chaki upande wa Zablon, mikono kiunoni, kama mtu anayesubiri basi. Nikamdharau. Nikamwambia daktari wa timu, yule ningekuwa kocha wake ningeshamtoa zamani. Sikuona kwamba kila Zablon alipopanda, Festo alishuka akajongea upande uleule, hatua nne, tano, na kila mpira mrefu uliomlenga yule mwembamba uliishia kwenye kifua cha Festo. Mara sita, mara saba. Niliona miguu na vumbi.

Dakika ya sabini nikasimama, nikanyoosha mkono juu.

Festo akaniona. Akasimama. Na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mbuzi alinitazama machoni, akafungua mdomo, mpaka nikaona meno yake. Kisha akaufunga na kuinamisha kichwa.

Mpira ukatoka nje upande wetu. Zablon akaja kuurusha, akachelewesha makusudi, akaufuta kwenye jezi. "Kocha," akasema bila kunigeukia, "kuna mtu anasema yule winga wao harudi kukaba. Anasema anasubiri nafasi."

"Mtu gani?"

"Mtu tu, kocha."

"Mtu gani ambaye hana jina?"

Na mimi nilijua ni nani! Nilijua kabisa, na nilichokifikiria ni kwamba kumbe anataka kunipita mlango wa nyuma, anataka kunifundisha kazi kwa mdomo wa mwenzake. "Mwambie huyo mtu wako," nikasema, "kocha wa timu hii ni mmoja!"

"Sawa," akasema Zablon, akarusha mpira.

Festo akapanda. Alipanda vizuri, kwa utii wote, mpaka kwenye boksi lao. Tukawa wanane mbele. Kwa dakika saba tuliwabana, ndugu yangu, kipa wao alikuwa analia. Watu wa Sikonge wamesimama wote. Mpira ukagonga mwamba. Tukapata kona, tukapata nyingine. Dakika ya sabini na nane Zablon akapiga krosi, kipa akaidaka, na bila hata kuinua macho akaurusha mguuni kwa kiungo wao, naye akaupiga mrefu. Ukapita juu ya vichwa vyetu wanane. Ukadondoka kulia kwetu, pale pa kulimia karanga, na yule mwembamba alikuwa ameshaondoka.

Beki wa kati mmoja akamfuata, mwingine akabaki hajui aende au akae, maana hakukuwa na mtu wa kumwambia. Na Festo alikimbia. Alitoka kwenye boksi lao akakimbia uwanja mzima, sijawahi kumwona mtu anakimbia hivyo, na alifika mpira ukiwa wavuni unazunguka. Akaanguka kifudifudi, akabaki palepale. Mbili moja. Ikaisha hivyo hivyo.

Kwenye Fuso la kurudi hakuna aliyeongea. Vumbi la barabara ya Sikonge linaingia mdomoni, watu wanatema, basi. Na mimi, badala ya kunyamaza kama wenzangu, nikafungua bakuli langu. "Namba sita gani wewe? Macho unayo ya nini? Mtu amesimama pale saa nzima, humwoni?" Mbele ya timu nzima. Zablon akasema, "Kocha, inatosha." Festo alikuwa amekaa kwenye tairi la akiba, magoti yanavuja damu. Akasema, "Nisamehe, baba." Hakusema kingine, na mimi nikajiona nimeshinda hata hiyo.

Jumanne Levina akaja bandani. Binti anaweza kuongea na baba yake, hilo halikatazwi. Hakukaa kwenye benchi nililomsogezea.

"Baba, umemwita mume wangu kipofu?"

"Timu nzima iliona nani alikuwa kipofu."

"Aliona," akasema Levina. "Aliona tangu Jumatano. Alirudi kutoka mazoezini akachukua punje za mahindi, akazipanga sakafuni jikoni. Akanionyesha: hapa Zablon amepanda, hapa mimi nimepanda, na hapa ndipo tutakapofungwa. Akaweka kidole. Hapahapa, mke wangu, upande wa Zablon. Hakula siku hiyo."

"Sasa kwa nini hakuniambia?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Nilimwambia nenda kamwambie. Akaniuliza, nimwambie nani, kocha au mkwe? Kocha alishakula mbuzi wangu, kwa hiyo kocha hayupo tena." Akafuta pua kwa kanga. "Na mimi nilikuja, baba. Ijumaa nilikuletea viazi, nikakuuliza namba sita akipanda nyuma anabaki nani. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nilikumbuka. Nilimwambia viazi vyake vina chumvi nyingi, na kwamba mpira aniachie mimi.

Akaondoka. Nikashika spana, nikaitazama baiskeli ya mtu mpaka mwenye baiskeli akaja kuiuliza. Roho iliniuma, nakwambia, iliuma mpaka nikaona aibu kuwa peke yangu nayo. Miaka kumi na tisa nimewaambia vijana mfumo ni nani anaziba palipoachwa wazi. Na mtu pekee aliyekuwa akiziba pangu, nilimfunga mdomo kwa mikono yangu, nikala na ini.

Nikaenda kwa Gaudensia. Nilidhani atanipoza. Akaniambia, "Ukitaka aseme, mrudishie mbuzi. Umpeleke wewe mwenyewe, umkabidhi mbele ya watu walewale, useme kwa mdomo wako kwamba uwanjani umemfungulia."

"Wewe si ndiye uliyetua kapu?" nikamuuliza. "Si wewe uliyenitazama?"

"Nilikutazama nione utafanya nini," akasema dada yangu. "Hukuniuliza mimi naonaje."

Mimi nimpigie mkwe magoti hadharani? Sokoni ningepita wapi? Nikasema nitafanya baada ya mvua. Mvua zikaisha, nikasema baada ya kuchoma tumbaku ikauke. Tumbaku zikachomwa, na Festo akapata shamba Usinge, akamchukua Levina wakahama. Hapo ndipo nilipopata akili, kwa kuchelewa kama kawaida yangu. Nikanunua mbuzi mzuri kuliko yule, nikampa Zablon ampeleke. Akarudi na ndoo ya asali na salamu nyingi za heshima. Festo amefurahi sana kwa zawadi, anashukuru sana. Zawadi! Gaudensia aliposikia alicheka mpaka akakohoa. Aliniambia mbuzi wa kutumwa na mtu ni kitoweo tu.

Mwaka huu ratiba ya ligi ikatupeleka Usinge. Mshikamano walikuwa na Festo, bila shaka, namba sita. Kocha wao ni mzee mmoja anaitwa Rashidi, fundi cherehani, mtu mpole, mkubwa kwangu kwa umri. Tulikaa kwenye mabenchi yetu, yeye huku mimi kule. Mpira umeanza hata dakika kumi hazijafika, nikaisikia.

"Kochaaa! Umelala? Kiungo wao anapita katikati hapo, humwoni?"

Nilishtuka nikanyanyuka. Wallahi, mimi Mkatoliki niliapa kwa Kiislamu, nilidhani ananiambia mimi. Nikageuka kuangalia kiungo. Lakini Rashidi alikuwa ameshasimama, anacheka, anafunga kikoi chake vizuri. "Nimemwona, mwanangu, nimemwona!" Akabadilisha mtu mmoja. Dakika mbili baadaye wakatufunga. "Kocha, hapo sawa!" Festo akapiga kelele, na uwanja mzima ukacheka, na Rashidi akacheka kuliko wote. Wakatufunga ya pili, ya tatu, ya nne. Kila goli lilianza na ile sauti. Namba sita wangu mimi, kijana mpya, kila nikimwangalia anaitikia kwa kichwa kabla sijasema kitu.

Mechi ilipoisha nilibaki kwenye benchi. Nikamwona Festo anakuja, amelowa jasho, bado anabishana na mwenzake kuhusu kona fulani, mkono unachora hewani. Kisha akaniona. Mkono ukashuka. Akatoka kwenye njia, akasimama pembeni kwenye majani, akakunja magoti kidogo, mikono pamoja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Festo. Levina mzima?"

"Mzima, baba. Amekuandalia chakula."

Nikaangalia huku na huku. Wachezaji wangu walikuwapo, Zablon alikuwapo, watu wa Usinge walikuwapo. Nikasema ili wote wasikie, "Festo, mimi leo sikuja kama mkwe. Nimekuja kama kocha na nimefungwa nne. Nakuomba uniambie. Timu yangu ina tatizo wapi?"

Macho yake yalikuwa kwenye nyasi, lakini nilimwona anawaza, yule ni kijana wangu, ninamjua anavyowaza. Midomo ilicheza. Alikuwa nalo jibu pale, lote, ningeweza kulishika.

"Timu yako ni nzuri, baba," akasema Festo. "Bahati tu haikuwa yenu."

Kisha akanipisha nipite, nikapita.